Tuwafunze watoto sarufi ya kuamrisha roboti

WAHENGA walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hiyo ilinijia akilini nilipozuru shule moja ya msingi huko Ronge, katika kaunti ya Taita Taveta, na kumsikia mwanafunzi wa gredi ya 6 akiuliza swali ambalo hakuna mtu mzima chumbani aliyeweza kulijibu ipasavyo. Nami, nikiwa na shahada ya uzamifu katika isimu na miaka mingi ya kufundisha chuoni, nilikuwa mmojawapo wa watu wazima hao.

Msomaji asiyeifahamu Ronge na ajue kwamba ukitoka Voi hufika Mwatate kwanza, kisha ndipo huanza kupanda. Ronge Juu ni mlimani, penye ukungu wa asubuhi na mashamba ya matuta. Ronge Nyika iko chini, kwenye joto, si mbali na pori la Tsavo. Lugha ya nyumbani ni Kidawida, lugha ya sokoni ni Kiswahili, na lugha ya vitabu vingi vya shule ni Kiingereza. Mtoto wa huko huzivuka lugha hizi tatu kila siku kabla ya chakula cha mchana, wala hakuna anayempongeza.

Siku hiyo palikuwa na somo la kuamrisha roboti. Roboti yenyewe ilikuwa ndogo, yenye ukubwa wa mkate na magurudumu mawili. Mbele yake ilikuwa na kihisi cha umbali, yaani kifaa kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, kisha kikapima muda ambao mwangwi huchukua kurejea. Mwanafunzi haandiki amri kwa herufi. Kwenye kishikwambi mna vipande vya rangi, kila kimoja na agizo lake, navyo vina meno na mapengo ya kupandikana. Huburuta kipande kwa kidole, akakipachika chini ya kingine, na mpangilio ule kutoka juu hadi chini ndio programu yenyewe. (Mzee mmoja aliyekuwa akikarabati dawati aliponisikia nikisema "kiroboti" alidhani shule imevamiwa na viroboto. Nikaacha udogoshi, nikarudia "roboti".)

Kazi ilikuwa hii: roboti itembee juu ya madawati yaliyounganishwa, na ifikapo karibu na kisanduku cha chaki, isimame. Mwanafunzi ninayemzungumzia alipanga vipande vitatu. Cha kwanza: anza. Cha pili: nenda mbele. Cha tatu: kama kuna kitu mbele katika umbali usiozidi sentimita 10, simama. Akabonyeza. Roboti ikaondoka kwa madaha, ikakifikia kisanduku, ikakisukuma hadi ukingoni, na chaki zikamwagika sakafuni.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeiambia ikiona kitu isimame. Sasa mbona imekataa?"

"Roboti haikatai," mwalimu akamjibu. "Wewe ndiwe uliyekosea."

Darasa likacheka. Msichana akaketi. Baadaye mwalimu, kijana mchapakazi ambaye sina nia ya kumlaumu, aliniinamia akaninong'oneza kwamba yule ni hodari wa insha, ila mambo ya mashine hayawezi. Nilinyamaza. Ni ndani ya matatu, tukiteremka kuelekea Mwatate, ndipo nilipotambua kwamba msichana yule hakukosea hata kidogo katika Kiswahili chake, na kwamba Kiswahili hicho chema ndicho kilichomponza. Tangu hapo nimeona vibaya kunyamaza tena.

Walimu wa Kiswahili wanaijua vizuri "ki" ya masharti. Huwauliza watahiniwa waitungie sentensi mwaka nenda mwaka rudi. Lakini tujiulize: sharti la "ki" hudumu kwa muda gani? Wakulima wa nyika chini ya milima ile hulinda mazao yao usiku dhidi ya ndovu watokao Tsavo. Baba humwambia mwanawe, "Ukiona ndovu, piga debe." Je, kijana yule hutazama mara moja jua linapotua, akaona hapana ndovu, kisha akajifunika blanketi akalala? La hasha. Anajua kwamba agizo lile linaenea usiku kucha, kwamba "ukiona" maana yake ni wakati wowote utakapoona, hata kama ni alfajiri. Muda huo haukutajwa kwa neno lolote, lakini kila mzungumzaji wa Kiswahili anausikia.

Roboti haiusikii. Kipande cha "kama" huuliza swali lake mara moja tu, pale programu inapokifikia, kisha programu huteremka chini na kukisahau. Programu ya msichana yule ilianza, ikawasha magurudumu, na papo hapo ikauliza: je, mbele kuna kitu? Hapakuwa na kitu, kwa kuwa kisanduku kilikuwa bado mbali. Basi ikalipita agizo la kusimama, na kwa kuwa hapakuwa na kipande kingine, ikamalizika. Magurudumu yaliyokwisha kuwashwa hayakuambiwa yasimame, kwa hiyo yakaendelea kuzunguka. Yeye alimweka mlinzi shambani, kumbe mashine ilielewa kwamba mlinzi atupe jicho moja jioni na kwenda zake kulala.

Jambo hili si geni kwa wataalamu, wala si la Ronge peke yake. Mwaka 1985 Jeffrey Bonar na Elliot Soloway, watafiti wa Marekani, walichapisha makala wakieleza kwamba wanaoanza kutunga programu huyachukua maarifa yao ya lugha ya kila siku na kuyahamishia kwenye mashine. Wanafunzi hao walikuwa wazungumzaji wa Kiingereza, na kikwazo chao kilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya "wakati ambapo". Walidhani kwamba sharti likibadilika tu, mashine itaacha kazi mara moja, hata ikiwa katikati ya agizo jingine, ilhali mashine hulitazama sharti hilo mwanzoni mwa kila mzunguko tu. Mwaka uliofuata, 1986, Roy Pea naye alionyesha kwamba makosa mengi ya wanafunzi yana mzizi mmoja: kudhani kwamba ndani ya mashine mna akili iliyofichika, inayoelewa nia ya msemaji hata asipoisema. Mtoto wa kwetu na mtoto wa kwao hukwaa kisiki kilekile. Tofauti ni kwamba wao walichunguzwa, sisi tukachekwa.

Ni vyema basi mwalimu aufahamu msingi wa jambo lenyewe, nao si mzito. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walithibitisha kwamba programu yoyote ya tarakilishi yaweza kuundwa kwa mipangilio mitatu pekee: kufuatana, kuchagua na kurudia. Vipande vya watoto vimejengwa juu ya mipangilio hiyohiyo mitatu. Na mwanaisimu akiitazama, anaona kwamba Kiswahili kina viungo vyake kwa kila mmojawapo.

Kufuatana ni "ka" ya mfululizo. "Ikaenda, ikageuka, ikasimama." Hakuna lugha ninayoijua inayopanga matendo kwa uangavu zaidi ya huu; kila "ka" ni kipande kilichopachikwa chini ya kipande. Kuchagua ni "kama" na "la sivyo": njia panda ambapo hushikwa njia moja na nyingine kuachwa. Kurudia ndiko kwenye utajiri na hatari. Tuna "kila uonapo", tuna "hu" ya mazoea, tuna "mpaka", tuna "daima". Mtoto huyatumia haya yote kabla hajajua kusoma. Kazi yetu ni kumfanya ayaone.

Turudi kwa kisanduku cha chaki. Tiba ya kwanza ni kulifunga "kama" ndani ya kipande cha "rudia daima". Roboti ianze kwenda, kisha daima iulize: je, kuna kitu? Je, kuna kitu? Sasa mlinzi yu macho usiku kucha. Mwanafunzi na atazame umbo la kipande hicho katika programu nyingi za namna hii: hakina jino la chini, kwa kuwa kisicho na mwisho hakiwezi kufuatwa na kitu. Umbo lenyewe ni sarufi.

Lakini hapa pana mtego wa pili. Vipande vya mwendo ni vya aina mbili, na watoto wengi hawaambiwi tofauti yake. Kimoja husema "nenda mbele kwa sekunde 3". Kingine husema "anza kwenda mbele". Cha kwanza ni tendo lenye kikomo: programu hungoja hadi sekunde zote tatu ziishe, na kwa muda huo haiulizi lolote. Cha pili huwasha magurudumu na kuteremka mara moja kwenye kipande kinachofuata. Mwanafunzi akikitia cha kwanza ndani ya "daima", amemwajiri mlinzi anayefumbua macho mara moja kila baada ya usingizi mrefu, na ndovu hupita katikati ya usingizi huo. Sisi wanaisimu huita jambo hili hali ya kitenzi: kuna tendo linalotazamwa likiwa zima, na kuna tendo linalotazamwa likianza au likiendelea. Mwalimu anayefundisha tofauti ya "alitembea" na "alikuwa akitembea" tayari ana mkononi nusu ya maelezo.

Mtego wa tatu ni "mpaka". Mama akisema, "Koroga mpaka ugali ushike," mkorogaji huuonja ugali kwa mwiko kila mzunguko wa mkono. Kipande cha "rudia mpaka" nacho hulipima sharti lake kabla ya kila mzunguko, si katikati. Kwa hivyo hatua iliyomo ndani ikiwa ndefu, roboti itagonga kwanza ndipo ipime. Ikiwa fupi, itapima mara nyingi na kusimama kwa wakati. Isitoshe, sharti la "mpaka" ni la kuachia, si la kuendelea: "rudia mpaka uone kitu" ni sawa na "endelea wakati ambapo huoni kitu". Mtoto anayeweza kuigeuza sentensi ya kwanza ikawa ya pili bila kuipoteza maana amefanya zoezi la kukanusha, na papo hapo amefanya zoezi la mantiki.

Nataka nieleweke vyema. Sidai kwamba tukiviandika vipande hivi kwa Kiswahili matatizo yote yatakwisha. Kinyume chake, nimeonyesha kwamba Kiswahili chenyewe ndicho kilichomfikisha msichana yule kwenye kosa. Nidai nini basi? Nadai kwamba kosa lililozaliwa na lugha hutibiwa kwa lugha. Huwezi kumwondolea mtoto dhana iliyomo ndani ya "ki" kwa kumfokea kwa lugha isiyo na "ki". Ni lazima umkalishe, umwonyeshe "ki" yake, umwambie ni sahihi nyumbani na shambani, kisha umwonyeshe kile ambacho mashine haikisikii.

Wako watakaonipinga. Watasema lugha ya tarakilishi ni Kiingereza, na kwamba mtoto atakutana nacho tu, basi afadhali akutane nacho mapema. Jibu langu ni kwamba maneno ya Kiingereza yanayoongoza mtiririko wa programu hayafiki hata dazeni moja. Mwanafunzi wa gredi ya 6 huyakariri kwa juma moja. Kinachomshinda si neno bali dhana. Na sisi tumeshaona kwamba waliozaliwa na Kiingereza vinywani walijikwaa vilevile.

Wengine watasema shule zetu hazina vifaa, na kwamba roboti moja kwa wanafunzi arubaini ni mzaha. Malalamiko hayo ni ya kweli. Serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikaidhinisha mtaala wa kampuni ya Kodris Africa wa kufundishia utungaji wa programu katika shule za msingi na za upili. Kati ya idhini na dawati la mtoto pana mwendo mrefu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya haya ninayoyasema haihitaji umeme. Mwanafunzi mmoja na afungwe kitambaa machoni awe roboti, mwenziwe awe mtunzi wa programu, na kisanduku cha chaki kiwekwe njiani. Aliye roboti atii neno kwa neno, asiongeze hekima yake. Atakapogonga kisanduku, darasa zima litajua kwa nini, na kicheko kitakuwa cha kuelewa.

Historia ya elimu hii yenyewe inatuelekeza huko. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alishirikiana na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon kuunda lugha ya Logo mwaka 1967. Watoto waliitumia Logo kumwendesha kobe wa mitambo sakafuni, na Papert alipenda mtoto aliyekwama ajifanye kobe, atembee mwenyewe, ili agundue amri iliyopungua. Katika mkondo huo ilizaliwa Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ambayo vipande vyake vimeigwa na watengenezaji wengi wa roboti za shuleni. Scratch inaweza kugeuzwa ikasomeka kwa Kiswahili. Ni walimu wangapi waliowahi kuambiwa hivyo?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi waketi pamoja. Somo la "ki", "po", "ka" na "mpaka" lifundishwe juma lilelile ambalo watoto wanapanga vipande, ili kila somo liwe ushahidi wa jingine. Pili, kabla ya kubonyeza, kila mwanafunzi aisimulie programu yake kwa sauti kwa "ka" ya mfululizo: ikaanza, ikawasha magurudumu, ikauliza kama kuna kitu, ikaona hakuna, ikamaliza. Msichana wa Ronge angeisimulia hivyo, naamini angelisikia kosa kwa masikio yake mwenyewe pale penye "ikamaliza". Mwanafunzi asiyejiweza kwa Kiswahili aisimulie kwa Kidawida, au kwa lugha yoyote anayoiota usingizini. Tatu, KICD na vyuo vyetu, changu kikiwemo, vikubaliane juu ya istilahi za vipande hivi. "Kama" iwe ya swali la mara moja. "Kila -po" iwe ya tukio linalongojwa. "Mpaka" iwe ya kikomo. Tusiache kila mfasiri ajichagulie neno, kwa sababu hapa neno likipotoka gurudumu nalo hupotoka.

Mtaala wetu hutumia lugha ya eneo hadi gredi ya 3, kisha Kiingereza kinashika usukani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hakuna sheria inayomkataza mwalimu wa gredi ya 6 kumweleza mtoto kwa Kiswahili kwa nini roboti yake haikusimama. Kinachotukataza ni mazoea ya kudhani kwamba mashine ni mali ya lugha moja, na kwamba hodari wa insha hana kazi karibu nayo.

Mazoea hayo yana gharama. Nchi hii ina watoto wengi wanaojua kupanga sentensi, kupima neno, na kuona pale maana ilipopinda. Huo ndio ustadi ambao programu inautaka. Tukiwaambia mapema kwamba wao ni "wa lugha tu", tutakuwa tumewafungia mlango watu ambao ufunguo umo mikononi mwao.

Namalizia kwa kumjibu mwanafunzi yule, maana ninalo deni lake. Uliuliza kwa nini roboti imekataa. Haikukataa, nawe hukukosea Kiswahili. Uliiambia isimame ikiona kitu, nayo ilitazama mara moja tu, mwanzoni kabisa, ikaona hakuna. Ifunge "kama" yako ndani ya "daima", iambie "anza kwenda" badala ya kuipa sekunde, kisha uirudishe juu ya madawati. Na watakapocheka tena, waulize kama mlinzi wa shamba hutazama ndovu mara ngapi kwa usiku mmoja.